Barua Iliyokaa Kashani

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana kitabu chake mbele yake. Walio mbali na redio na wasogee karibu. Maneno nitakayosema leo yamepigwa chapa katika karatasi mliyopewa, ili baada ya kunisikia mpate kuyasoma wenyewe polepole. Msiponisikia vizuri, msisikitike. Sauti yangu ni ya kizee na hukatika, lakini karatasi haikohoi.

Mimi ni mwanamke wa kisiwa cha Mafia. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa katika kaskazi ya mwaka ule vita vya Hitler vilipokwisha, yaani mwaka 1945. Tarehe hakuijua, lakini upepo aliujua. Kwetu mtu aliweza kusahau siku, asisahau upepo uliokuwa ukivuma siku ile.

Ninyi mnaokaa bara, huenda pepo zetu hamzijui. Acheni niwaeleze. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini na mashariki, tangu mwezi wa Desemba mpaka Machi. Ni upepo wa joto, na jua lake ni kali. Kusi huvuma kutoka kusini, tangu Aprili mpaka Septemba. Mwanzo wake huja na mvua za masika, na mwezi wa Juni na Julai huleta baridi ya kipupwe, hata sisi wazee hutafuta shuka la pili. Baina ya pepo hizi mbili kuna siku tunazoziita tanga mbili. Siku hizo upepo wenyewe haujui uende wapi, na nahodha hukaa pwani akishona tanga lake.

Zamani majahazi hayakuwa na injini. Kaskazi iliyaleta kusini, kutoka Arabuni na Lamu na Tanga. Kusi iliyarudisha. Mtu aliyekuwa Tanga naye ataka kuja kwetu Mafia kwa jahazi, ilimpasa apande katika kaskazi. Akichelewa mpaka kusi iingie, upepo ulikuwa usoni mwake. Neno hili nawaomba mlishike, maana nitalirudia.

Basi pepo zilikuwa kalenda yetu, na maji ya bahari yalikuwa saa yetu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, usiku na mchana, na kila siku huchelewa yapata dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndizo siku za bamvua. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na wanawake hukaa nyumbani wakisuka ukili.

Siku za bamvua hatukukaa nyumbani hata kidogo. Mama alikuwa akiniamsha, twala kiporo cha muhogo, kisha twashuka pwani pamoja na wanawake wengine. Maji yakienda nje, mwamba wote huonekana, na juu yake mna kila kitu: chaza, kombe, kaa, na pweza. Pweza ni mwerevu, lakini ana kosa moja. Akila kaa, huyatupa makaka mlangoni pa pango lake. Mama alinifundisha kutazama chini, nione makaka na vijiwe vilivyopangwa. Palipo na takataka mlangoni, mwenyewe yumo ndani. Hapo unatia kijiti, unangoja, naye hukikamata kwa ghadhabu. Nilikuwa na miaka 8 nilipomtoa pweza wangu wa kwanza. Alinizinga mkono wote mpaka begani, nikalia. Mama alicheka hata akakaa juu ya mwamba.

Nawaambieni haya kwa sababu watu wengine hudhani kwamba mtu asiyejua herufi ni mtu asiyejua kusoma kitu chochote. Mama yangu alikuwa akisoma mwamba, akisoma mwezi, akisoma rangi ya maji. Aliweza kusuka mkeka wenye nakshi bila kukosea hata ukindu mmoja, naye alihesabu kwa vidole tu. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao ya mwaka, siku 365, wakizigawa kwa kumi kumi, na kila kumi wakiliita mwongo. Kwa hesabu hiyo walijua lini wapande na lini wasafiri. Haikuwa na siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo ilisogea kidogo kidogo, nao walijua kwamba yasogea. Hao hawakuwa wajinga.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mama hakuweza kukisoma.

Nilikuwa na kaka, mkubwa wangu. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge. Vijana wengi walikwenda, maana shamba la minazi lilikuwa la baba, na fedha za kodi na za mahari zilikuwa mbali. Mwanzo kaka alileta fedha kwa mikono ya mabaharia, na mara moja alituletea kanga mbili. Kisha, tangu mwaka 1964, bei ya katani ilianguka katika dunia, na mashamba mengi ya mkonge yakapunguza watu. Sisi hatukujua habari hiyo. Tulijua tu kwamba fedha haziji.

Mwanzo wa mwaka 1966, katika mwezi wa Ramadhani, ilikuja barua. Aliileta baharia mmoja wa jahazi. Kaka hakujua kuandika, kwa hiyo aliandikiwa na mwenzake wa kambini. Na sisi hatukujua kusoma, kwa hiyo tuliipeleka kwa mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa akisomea watu barua zao. Basi baina ya mama na mwanawe wa kumzaa walikaa watu wawili, mwandishi kule na msomaji huku.

Mzee yule alikuwa mtu mwema. Hakuwa akitaka malipo, ila ukimletea nazi mbili alizipokea. Tulimwamkia, akatuitikia, akavaa miwani yake. Alisoma: "Mama yangu mpenzi, mimi sijambo, nawasalimu nyote, mkubwa na mdogo. Nakuomba radhi kwa kuwa sijaleta kitu. Inshallah tutaonana." Akaikunja barua, akamrudishia mama. Mama akasema ahsante. Tulirudi nyumbani, mama akaitia katika kasha lake, chini ya nguo za sikukuu.

Kaskazi ikavuma mpaka ikakatika. Kusi ikaingia. Mwezi wa Juni alikuja mtu kwa mashua kutoka Dar es Salaam, akatuambia kwamba kaka alikufa Tanga katika masika, kwa ugonjwa wa kifua, na kwamba watu wa kambini walimzika vizuri. Tulikaa matanga. Maneno ya matanga sitayasema hapa.

Sasa nawarukisha miaka mitano. Mwaka 1967, katika kila watu wakubwa 100 wa nchi yetu, yapata 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya 6 ili ziondoe ujinga wa kutojua kusoma mbele ya wilaya nyingine, katika mwaka 1971. Nazo ni Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi, Rungwe, na Mafia. Tuliposikia kisiwa chetu kidogo kikitajwa pamoja na Kilimanjaro, tulicheka, lakini tuliona fahari pia.

Nilikuwa nimekwisha olewa, nina watoto wawili. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe. Mwalimu alikuwa kijana kutoka bara, mpole sana, ambaye alikuwa hajakaa pwani hata siku moja. Alituambia darasa litakuwa saa nne asubuhi kila siku. Tukamwitikia. Siku za kwanza tulijaa, maana yalikuwa maji mafu. Juma la pili likaja, mwezi ukawa mpevu, bamvua, na saa nne mwalimu akajikuta chini ya mwembe na vikongwe watatu. Alikasirika. Alidhani tumekwisha choka na masomo. Bibi mmoja akamshika mkono, akamteremsha mpaka pwani, akamwonyesha wanafunzi wake wote wako mbali juu ya mwamba, wameinama, kila mtu na kijiti chake. Kijana yule alisimama akatazama sana. Siku ya pili alihamisha darasa likawa saa kumi alasiri, wakati wa bamvua maji yamejaa na sisi tumerudi. Naona huo ndio mwanzo wa sisi kumsikiliza.

Tulianza kwa herufi, kisha silabi, kisha maneno ya kazi zetu. Mkono wangu uliozoea kijiti cha pweza uliishika chaki kama kitu kitakachotoroka. Nilivunja chaki nyingi. Basi siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno refu, akatuambia tulisome silabi kwa silabi. Ka, s, ka, zi. Kaskazi! Darasa zima lilipiga makofi, maana ni mara ya kwanza kuona upepo umeandikwa.

Jioni ile nilikwenda kwa mama kumsaidia kuanika nguo za kashani, ziingie hewa. Barua ilikuwa pale pale chini. Niliikunjua kwa kujaribu tu, nione kama nitapata herufi mbili tatu ninazozijua. Mstari wa kwanza nikaliona neno mama. Nikafurahi. Nikateremsha kidole, na katikati ya karatasi nikaliona neno lile la ubaoni. Kaskazi.

Nikasimama. Miaka mitano ilikuwa imepita, lakini maneno ya mzee yule nilikuwa nayakumbuka yote, kwa kuwa yalikuwa machache. Hakusoma neno kaskazi.

Sikusema kitu. Niliichukua barua nikaificha katika pindo la kanga, nikaenda nayo kwangu. Siku tisa nilikuwa nikiisoma, usiku, watoto wamelala, kwa taa ya koroboi. Maneno mengine yalinishinda, nikayaandika mkononi kwa mkaa, nikamwuliza mwalimu kesho yake bila kumwambia yametoka wapi. Siku ya tisa niliimaliza. Kaka alisema kwamba yu mgonjwa wa kifua, kwamba kazi imepunguzwa naye hana posho, na kwamba kuna mwenzake anayempa uji. Kisha alisema: "Nakuomba, mama, mtu aje anichukue kabla ya kaskazi kuisha, maana nikiikosa hii, sidhani kama nitaiona nyingine."

Ewe unayenisoma, huenda wasema moyoni kwamba mzee yule alikuwa mbaya. Mimi nami nilisema hivyo, tena kwa maneno makali kuliko yako, na kwa bahati yeye alikuwa amekwisha kufa. Baadaye nilimfikiri kwa namna nyingine. Nilimwona mbele yangu, na mama amekaa chini mbele yake, amefunga, midomo imekauka, anamtazama kama mtu atazamaye mlango. Labda alisema moyoni: sitampa habari hii na njaa, nitamwambia baada ya kufuturu. Kisha akaona haya. Siwezi kuapa. Lakini mambo yaliyonipata siku chache baadaye yalinifundisha jinsi jambo hili linavyomwingia mtu.

Mama aliniita. Alikuwa akisuka ukili barazani. Akasema, "Mwanangu, wasema sasa wajua kusoma. Basi nisomee barua ya kaka yako. Najua unayo, nimetazama kashani."

Nikaitoa. Nikaishika mbele ya macho yangu. Na wallahi, wanafunzi wenzangu, nilisoma hivi: "Mama yangu mpenzi, mimi sijambo, nawasalimu nyote, mkubwa na mdogo."

Vidole vya mama havikuacha kusuka. Akasema, "Na wewe pia?"

Nikanyamaza.

Akasema, "Siku ile nilimtazama mzee. Macho yake yaliteremka mpaka mwisho wa karatasi, na mdomo wake ulikuwa umekwisha nyamaza. Tena mistari ni mingi. Niliihesabu nyumbani kwa kidole, kama nihesabuvyo miyaa. Ni mistari 17. Mtu hasemi sijambo kwa mistari 17."

Nikamwuliza, "Mbona hukumwuliza, mama?"

Alikaa kitambo. Akasema, "Niliogopa. Nikasema nitamwuliza kesho. Kesho nikasema keshokutwa, Idi ipite kwanza. Kaskazi ikakatika."

Basi nikamsomea yote. Alinitaka nirudie mstari mmoja, ule wa kaskazi, nikaurudia. Kisha aliinuka akaenda kuingiza kuni, kwa sababu mvua ilikuwa yaja. Hatukusema zaidi siku ile.

Jumatatu alikuja chini ya mwembe na mkeka wake mwenyewe, akakaa nyuma. Mwalimu akamwuliza, "Shikamoo, mama. Wataka kujifunza nini?" Akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Nataka kusoma karatasi moja." Macho yake yalikuwa mabovu, na herufi za B na D zilimsumbua mpaka mwisho. Ilimchukua karibu miaka miwili. Mwezi wa Agosti 1975 ulifanywa mtihani wa kwanza wa nchi nzima kwa sisi watu wazima, na hesabu ikaonyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki yapata 39 katika kila 100. Mimi nilikwenda nikafaulu. Mama hakwenda. Alisema mtihani wake yeye amekwisha kuufanya, barazani, peke yake, mlango umefungwa. Alifariki mwaka 1988.

Barua ninayo mimi. Wino umefifia palipokunjwa. Hata hivyo sihitaji wino tena.

Mambo ya leo ni mengine. Mashua zina injini, na vijana hawangoji kusi ili waende Dar es Salaam. Bahari pia ina mambo mapya. Tangu mwaka 1995 sehemu ya bahari yetu ni hifadhi, na wageni huja kutoka mbali kumtazama papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huja karibu na Kilindoni tangu Oktoba mpaka Machi. Ni mkubwa kuliko mashua, naye hula vidudu vidogo visivyoonekana na dagaa. Sisi zamani tulimpisha tu, tukamsalimu, tukaendelea na safari. Mjukuu wangu mmoja hupata riziki yake kwa kuwapeleka wageni hao.

Mjukuu huyo huyo, mwanzo wa Mei 2024, alikuja kwangu na simu mkononi. Kulikuwa na habari ya kimbunga kilichoitwa Hidaya. Vimbunga havifiki kwetu mara nyingi, maana tuko karibu na ikweta, lakini wazee walikuwa wakisimulia kile kilichopiga Lindi mwezi wa Aprili 1952. Mjukuu akatazama simu, akaniambia, "Bibi, wanasema kutakuwa na upepo kidogo na mvua. Usiwe na wasiwasi."

Nikamwambia, "Lete simu."

Nilivaa miwani, nikasoma mwenyewe, toka juu mpaka chini. Upepo mkali, mawimbi makubwa, mvua nyingi, watu wa baharini wachukue tahadhari. Alikuwa ameruka nusu. Hakuwa na nia mbaya, mtoto yule, alinihurumia tu. Tukavuta mashua juu mpaka kwenye minazi, tukafunga bati kwa kamba, tukaingiza kuku ndani. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika kwetu Mafia. Minazi iliinama usiku kucha, na asubuhi jiko langu la makuti lilikuwa limelala chini, lakini mashua ilikuwa pale tulipoifunga.

Sasa chukueni kalamu zenu. Andikeni maneno haya: kaskazi, kusi, bamvua, maji mafu, barua. Mwalimu atawasahihisha. Na mwenye barua nyumbani, hata ya zamani, hata iliyokwisha somwa na mtu mwingine, na aje nayo darasani juma lijalo. Aanze kusoma mstari wa mwisho.

Mimi naondoka. Mwezi umeandama juzi, kesho saa nne mwamba utakuwa nje, na bado nina nguvu ya kuinama. Kwaherini.